Goti Linauma, Nyonga Ndiyo Iliyolegea

Mkimbiaji anayekuja kwenye chumba chetu cha tiba hapa Lamu na maumivu ya upande wa nje wa goti hueleza karibu yale yale kila mara. Alianza mbio vizuri, kilomita mbili tatu za mwanzo hakuhisi kitu. Kisha pakaanza kuchoma pale kwenye mfupa uliotokeza ubavuni mwa goti, na kadiri alivyoendelea ndivyo palivyowaka, hadi akasimama. Akitembea, yanapoa. Nyumbani, kupanda ngazi si taabu sana. Kushuka ndiko kunakomfanya ashike ukuta. Alipumzika wiki mbili akajiona amepona, akarudi ufuoni, na kilomita ile ile maumivu yakaanza upya.

Hilo la kurudi ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu wengi hukatia tamaa hapo na kuacha kukimbia kabisa, na hawana haja ya kuacha.

Ubavuni mwa paja, kutoka nyongani hadi chini kidogo ya goti, kuna utepe mpana na mgumu uitwao kitaalamu utepe wa iliotibiali. Huko juu umeshikana na msuli mdogo wa mbele ya nyonga na msuli mkubwa wa tako. Chini umejishikiza kwenye mfupa wa muundi. Goti linapokunjwa kiasi cha digrii 30, nalo hufika hapo mara tu baada ya mguu kutua, utepe hugandamizwa kwenye mfupa wa paja. Mwaka 1975 daktari wa kijeshi wa Marekani, James Renne, aliyaeleza maradhi haya kwa askari waliokuwa mafunzoni, na kwa miaka mingi ikaaminika kwamba utepe huteleza mbele na nyuma ukijisugua. Uchunguzi wa anatomia uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha jambo jingine: utepe umefungwa kwenye mfupa kwa nyuzi imara, na kinachoumia ni mafuta laini yaliyo chini yake, yenye mishipa mingi ya fahamu. Yanabanwa, hatua baada ya hatua, maelfu ya hatua.

Ndiyo maana mbio za polepole na za kuteremka huumiza kuliko mbio za kasi. Anayekimbia kwa kasi hutua goti likiwa limekunjika zaidi, akaipita haraka ile pembe mbaya.

Ndiyo maana pia kukandwa peke yake hakutoshi. Watu husema "mshipa umekaza", wakaenda kwa mkandaji mwenye mafuta ya moto. Sina ubaya na mkandaji. Msuli wa tako na wa paja hupata nafuu mikononi mwake, na mgonjwa hulala vizuri. Lakini utepe wenyewe ni mgumu mno, haurefuki kwa mkono wala kwa gurudumu la sponji la kujikandia. Na kulikandamiza lile eneo linalouma, juu ya mfupa kabisa, ni kuyabana tena mafuta yale yaliyokwisha kubanwa. Tafadhali msifanye hivyo.

Swali la maana ni nani anayeuvuta utepe. Mara nyingi jibu liko nyongani. Kila tunapokimbia, kuna nukta tunasimama kwa mguu mmoja, na misuli ya ubavu wa nyonga ndiyo inayozuia kiuno kisiporomokee upande wa pili. Ikichoka, kiuno huanguka, paja huingia ndani, utepe hukazwa. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, wakimbiaji 24 wa masafa marefu wenye tatizo hili walikutwa na nyonga dhaifu upande unaouma. Baada ya wiki sita za kuzitia nguvu, 22 walikimbia bila maumivu. Ni utafiti mdogo wa mwaka 2000, lakini unafanana na tunayoyaona chumbani mwetu.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. La kwanza, lala kwa ubavu mgongo ukielekea ukutani, mguu unaouma ukiwa juu. Gusisha kisigino ukutani, uunyanyue mguu taratibu huku kisigino kikiburura ukuta, vidole vikitazama mbele. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mguu unawaponyoka kuja mbele, kazi ikahamia kwenye paja. Ukilifanya sawasawa utachoka nyuma ya nyonga, si kwenye goti.

La pili linataka ngazi, na nyumba za mji wetu hazikosi ngazi. Simama kwenye kidato cha chini kabisa kwa mguu unaouma, mwingine ukining'inia hewani, mkono ukiwa ukutani. Goti la mguu uliosimama lisikunjike. Shusha kiuno cha upande unaoning'inia, kisha kipandishe kwa nguvu ya tako la mguu uliosimama. Anza mara 15 kila zoezi, uongeze kidogo kidogo kila siku hadi uweze mara 30, mizunguko mitatu. Wakati huo kuogelea kunafaa. Baiskeli hapana, kwa sababu goti hupita pembe ile ile kila unapokanyaga.

Kisha kuna njia tunayokimbilia. Maji yakipwa, ufuo wa Shela huwa mpana, mgumu na karibu tambarare. Yakijaa, hubaki ukanda mwembamba ulioinamia bahari. Ukienda na bahari kushotoni, mguu wa kushoto hutua chini zaidi kwa safari nzima na kiuno kinalalia upande huo. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, anayetoka baada ya sala ya alfajiri hukuta maji bado yako juu, na jioni ni hivyo hivyo. Kupwa nako huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Basi mtu akikimbia saa kumi na mbili asubuhi bila kukosa, hakanyagi ufuo mmoja wiki zote, na nimeona wagonjwa wanaodhani goti lao linaugua kwa baridi kumbe linafuata mwezi. Siku za bamvua fanya mazoezi ya nyonga nyumbani.

Kuna dalili ambazo si za utepe. Goti likivimba, likikwama lisinyooke, likishindwa kubeba uzito, au likiuma usiku ukiwa umelala, usijitibu kwa makala hii. Huenda ni gegedu, ule mto ulio kati ya mifupa ya goti, lililochanika au ufa mdogo wa mfupa, na kila kimoja kina tiba yake. Nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliyesajiliwa. Kenya ina baraza la kuwasajili lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na una haki ya kuomba kuona leseni.

Ukiweza kushuka ngazi za nyumbani bila kuhisi kitu, umekuwa tayari kurudi. Chagua siku ambayo maji yamepwa saa unayokimbia. Kimbia kidogo kwa kasi ya wastani, utembee, ukimbie tena, siku moja ndiyo na moja hapana. Fupisha hatua uziongeze idadi kidogo, na usiache miguu ikanyage mstari mmoja; wazia kamba imelazwa mchangani, mguu huu upande huu, ule upande ule. Goti likianza kuchoma, simama hapo hapo, urudi kwa kutembea.