Kuvua Vyuma Majini kwa Sumaku: Ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza

Kuvua kwa sumaku ni kutupa majini sumaku yenye nguvu iliyofungwa kamba, kisha kuivuta taratibu juu ya tope la chini hadi inase kitu cha chuma. Kurusha kwenyewe hakumchukui mtu muda mrefu kujifunza. Yanayowaumiza wanaoanza ni mawili: nguvu ya sumaku yenyewe, na vitu ambavyo hawakutarajia kuvitoa majini.

Sumaku zinazotumika hutengenezwa kwa neodimiamu, chuma na boroni, mchanganyiko uliovumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwenye kasha huandikwa uzito ambao sumaku inaweza kuushikilia, tuseme kilo 200, lakini kipimo hicho hupatikana kwa kuivuta wima kutoka kwenye bamba la chuma lililo nene, safi na bapa, na chini ya mto hakuna bamba la namna hiyo. Kutu, tope na umbo la mviringo huacha mwanya kati ya sumaku na kitu, na mwanya wa milimita chache tu hupunguza sehemu kubwa ya nguvu. Hata hivyo, hiyo si sababu ya kukimbilia sumaku kubwa kuliko zote, kwa maana ikinasa kwenye nguzo ya daraja au ukuta wa gati wenye mabamba ya chuma, huenda mvutaji mmoja asiweze kuibandua. Inaponasa hivyo, ivutwe kwa ubavu ili iteleze, kwa sababu nguvu yake upande huo ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya wima. Anayetamani dhahabu, fedha au shaba naye afahamu mapema kwamba sumaku haizivuti.

Kamba ya nailoni yenye unene wa milimita 8 hadi 10 huwafaa wengi, mradi uwezo wake wa kuhimili mvuto uwe mkubwa kuliko nguvu ya sumaku. Nailoni hunyumbuka, na ikikatika imekazwa hurudi kwa kasi inayoweza kujeruhi. Skrubu ya pete inayoshika kamba ikazwe kwa gundi ya nyuzi za skrubu, kwa kuwa hulegea yenyewe kwa kuzungushwa majini, na sumaku nyingi hupotea kwa njia hiyo wala si kwa kamba kukatika. Kamba isiviringishwe kwenye kiganja wala kiunoni.

Nchi kavu, sumaku hiyo ni hatari kuliko inavyoonekana. Vidole vikiwa kati yake na chuma hupondeka, na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hapaswi kabisa kuishika wala kukaa karibu nayo.

Suala la kibali halina jibu moja kwa kila mahali. Nchini Uingereza, kwa mfano, taasisi ya Canal & River Trust hairuhusu uvuvi huu kwenye mifereji inayoisimamia, na Ufaransa inautaka uwe na idhini. Aulizwe mwenye eneo, iulizwe mamlaka ya maji, na maeneo ya mambo ya kale yaachwe.

Jambo tunalolisisitiza kuliko yote ni silaha. Mito na mifereji ya maeneo yaliyopitiwa na vita huhifadhi makombora na mabomu ya kutupwa kwa mkono, na kukaa majini miaka mingi hakuyafanyi kuwa salama. Kutu inaweza kuyafanya yawe mepesi zaidi kulipuka. Kitu kinachofanana na silaha kikionekana kingali majini, kiachwe humo humo na kamba ifungwe ilipo. Kikiwa kimekwisha kufika ukingoni, kisibanduliwe, kisisafishwe, wala kisirudishwe majini. Watu wote waondoke mbali na polisi waitwe. Bunduki na visu navyo ni vya polisi, kwani huenda ni ushahidi wa uhalifu.

Vyuma chakavu vilivyobaki vipelekwe panapostahili, kwa sababu rundo lililoachwa ukingoni ni hatari kwa wapita njia. Glavu nene huzuia mikato, na chanjo ya pepopunda iwe haijapitwa na wakati. Mahali penye kichocho, mvuaji asimame nchi kavu na asiingie majini kufuata sumaku iliyonasa. Maji yaliyochafuliwa na mkojo wa panya huweza kuleta homa ya mgunda kupitia mchubuko mdogo, kwa hiyo kila kidonda kifunikwe kabla ya kazi na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.