"Yeye" amejificha ndani ya kitenzi

Somo la viwakilishi huanza kwa maana ile ile: neno linalosimama badala ya nomino. Mtoto huikariri, kisha hupewa kifungu cha habari aambiwe atafute. Anatafuta "yeye", anatafuta "wao", haoni kitu. Hajakosea. Katika Kiswahili anayerejelewa mara nyingi hana neno lake pekee. Amejibanza ndani ya kitenzi, kwenye silabi moja. "Alimwona" ina watu wawili: a- ndiye aliyeona, -mw- ndiye aliyeonwa. Kwa hiyo mimi huanza kwa kuvunjavunja vitenzi na kuuliza "nani?", jina la somo tutalitaja baadaye.

Vitu havinipi shida sana, kwa kuwa ngeli hutubebea mzigo. "Kikombe kiligonga sahani, ikavunjika." Hiyo i- haiwezi kuwa kikombe, na mtoto wa miaka saba anajua hivyo bila kufundishwa. Weka kioo mahali pa sahani, useme "kikavunjika", ndipo anagundua kwamba msaada umekwisha.

Kazi iko kwa watu. Ngeli ya A-WA haitofautishi mwanamke na mwanamume, mkubwa na mdogo, hata wanyama wamo (kipepeo, pamoja na ki- yake, "alitua", jambo ambalo wadogo hulipinga kwa dhati). Hapo hutumia sentensi mbili:

Zuhura alimwomba Rehema maji kwa sababu alikuwa na kiu.
Zuhura alimwomba Rehema maji kwa sababu alikuwa na mtungi uliojaa.

Kitenzi ni kile kile, "alikuwa", lakini kwanza ni Zuhura, kisha ni Rehema. Kiambishi hakisemi lolote. Mtoto anaamua kwa anachokijua kuhusu kiu na mitungi. Anayejibu "Zuhura" mara zote mbili ana kanuni yake: aliyetajwa kwanza ndiye. Simsahihishi. Namwambia asome tena akiweka jina: "kwa sababu Zuhura alikuwa na mtungi uliojaa". Wengi husita katikati ya sentensi, wakarudi nyuma wenyewe. Kusita huko nakuthamini kuliko jibu sahihi la kubahatisha, na ndiyo maana huwa sipendi maswali ya kuchagua a, b au c kwenye somo hili.

Kwenye uandishi mambo hugeuka: sasa mtoto ndiye anayempoteza msomaji, kwa "akamwambia, akamwambia" hadi mwisho wa ukurasa. Hapo nampa "naye". Linganisha "Zuhura alimfuata Rehema, akacheka" na "Zuhura alimfuata Rehema, naye akacheka". Katika ya kwanza anayecheka ni Zuhura. Katika ya pili wengi wetu tunamsikia Rehema. Mwandishi mdogo akishaionja "naye" huipachika kila mahali kwa wiki nzima. Namwacha.