Kabla ya kuuliza bei ya printa, uliza dramu iko wapi

Watu wa ofisi ndogo wakinitafuta kuhusu printa za leza huwa na maswali mawili: HP, Brother na Kyocera, ipi nzuri, na ipi ina kasi? Kasi tuimalize mapema. Ofisi ya watu watano huchapa barua ya kurasa mbili, ankara, fomu ya benki. Hapo kurasa 20 au 40 kwa dakika hazikupi tofauti ya maana. Unachongoja ni ule ukurasa wa kwanza, wakati mashine inaamka na kupata joto. Kinachotenganisha mashine hizi kweli ni jambo ambalo muuzaji wa Kariakoo au Luthuli Avenue hatalitaja mpaka umbane: dramu iko wapi, na utailipia mara ngapi.

Dramu ni lile bomba linalong'aa, mara nyingi la kijani au bluu, ambalo mwanga wa leza huchora juu yake kwa chaji ya umeme. Tona, ambayo kimsingi ni unga laini wa plastiki wenye rangi, hunata palipochorwa na kuhamia kwenye karatasi. Kisha hupita kwenye fyuza, ambako joto la karibu nyuzi 200 huuyeyusha unga ukashika. Tona huisha. Dramu haiishi, huchakaa, na kila kampuni imeamua kivyake nini kifanyike ikichakaa.

HP, kwenye mashine zake nyingi, huiweka ndani ya katriji, yaani lile kasha la tona unalolibadilisha. Ndivyo Canon walivyozoea, na LaserJet ya kwanza ya 1984 ilijengwa juu ya injini yao. Ukibadilisha katriji umebadilisha na dramu, kwa hiyo uchapaji ukiharibika hata dada wa mapokezi anaitibu bila kumwita fundi. Ubaya wake ni kwamba kila mara unanunua dramu mpya, hata kama ya zamani ilikuwa na nguvu bado. Angalia HP Laser 107a, ile ndogo inayopendwa kwa bei: katriji yake ni ya kurasa 1,000, yaani rimu mbili tu.

Brother wametenganisha. Kwenye mashine zao ndogo za ukoo wa HL-L2300, tona ni kipande chake na dramu ni kipande chake, na dramu hukadiriwa kurasa 12,000. Hapa ndipo simu zinapotoka. "Fundi, tona nimeweka jana, leo inadai dramu!" Hujaibiwa. Ni kaunta mbili tofauti, na ukiweka dramu mpya lazima urudishe kaunta yake mwenyewe kwa vitufe, la sivyo itaendelea kulalamika. Na kabla hujanunua dramu kwa sababu ya mistari kwenye kurasa, itoe uitazame: juu yake kuna kijiti cha kijani kinachoteleza. Kivute huku na huku mara kadhaa, kinasafisha waya wa chaji, kisha kirudishe pale pale kilipoanzia. Kisiporudi mahali pake, kurasa zitatoka na mstari mweusi wima, na utaapa kwamba mashine imekufa.

Kyocera wao wameacha dramu ikae ndani ya mashine kwa muda mrefu. ECOSYS P2040dn ina dramu inayokadiriwa kurasa 100,000, na tona yake ya TK-1160 ni ya kurasa 7,200, zaidi ya rimu 14. Mashine yenyewe ni nzito na bei ya kuanzia inauma. Dramu ikikwaruzwa, labda na mtu aliyechomoa karatasi iliyokwama kwa hasira, huo si mzigo wa mhudumu wa ofisi tena, ni wa fundi.

Sasa hesabu, kwa mfano tu, si bei za duka. Tuseme katriji ya kurasa 1,000 ni shilingi 150,000: kila ukurasa umekula shilingi 150 kabla ya karatasi. Tona ya kurasa 7,200 ikiwa 360,000, ukurasa ni shilingi 50. Ukichapa rimu moja kwa mwezi, tofauti ni 50,000. Kwa mwaka 600,000. Ile printa ya bei nafuu sasa imekuwa ghali.

Na hizo kurasa za kwenye boksi msizichukue kama ahadi. Hupimwa kwa kipimo cha ISO/IEC 19752, ambacho ukurasa wake wa majaribio una wino kama asilimia 5 tu ya karatasi. Mtu anayetoa kopi ya kitambulisho akiacha mfuniko wazi hupata kadi ndogo katikati ya uwanja mweusi, na ukurasa huo mmoja unakula tona ya kurasa nyingi za barua. Fungeni mfuniko, jamani.

Kwa maoni yangu, ofisi isiyofikisha rimu moja kwa mwezi ichukue Brother ndogo yenye kuchapa pande mbili. Ikipita rimu mbili, Kyocera haina mpinzani kwa gharama. HP ninaipendekeza pale ambapo fundi yuko mbali na spea zinahitajika leo leo, ila si zile ndogo kabisa. LaserJet Pro M404dn inapokea katriji ya kurasa 10,000. Kwenye karatasi ya maelezo yake utaona inaweza kurasa 80,000 kwa mwezi. Soma mstari unaofuata: kiasi kinachopendekezwa ni kurasa 750 hadi 4,000. Wa kufuata ni huo.

Kama unategemea tona ya kujaza, uliza habari za chipu kwanza. HP wenyewe hutangaza kwamba baadhi ya mashine zao hukataa katriji isiyo na chipu yao, na sasisho la programu linaweza kuzuia iliyokuwa ikifanya kazi. Ndiyo maana mafundi bado wanazienzi mashine za zamani za HP zinazotumia katriji ya 12A, isiyo na chipu.

Kama watumiaji ni zaidi ya wawili, tafuta herufi "n" kwenye jina la modeli, uivutie kebo ya mtandao. Wi-Fi ya ofisi ikiyumba, printa ndiyo hulaumiwa. Usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta pia; fyuza ikipasha moto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS italia au kuzima. Kwa walioko Tanga, Mombasa au Unguja: rimu iliyofunguliwa hunyonya unyevu, karatasi zikajikunja na kukwama. Funga iliyobaki kwenye mfuko wake.

Anayenunua iliyotumika asiridhike na ukurasa mmoja safi. Soma lebo ya nyuma, isije ikawa ya volti 110. Chapisha ripoti ya mashine uone kaunta ya kurasa, kisha chapisha kurasa kadhaa na uchukue rula. Doa likijirudia kila milimita 75 kwenye HP ndogo kama P1102, au kila milimita 94 kwenye Brother, hilo ni doa la dramu, linabadilishika, na unaweza kuombea punguzo. Likiwa na umbali mwingine, au ukipitisha kidole na maandishi yakafutika, shaka iko kwenye fyuza au rola za ndani. Hiyo mwachie muuzaji.