Kabla hujafuta faili mama, soma hapa

"Faili lenyewe kubwa mno, na si tayari liko kwenye maktaba? Nalifuta." Ujumbe wa namna hii hunifikia kwenye simu, mara nyingi Ijumaa jioni, na mara nyingi kutoka kwa mtu ambaye ameshafuta na sasa anatafuta baraka. Wiki hii umekuja tena, kutoka kwa mtayarishaji wa vipindi ninayemheshimu sana. Basi naandika mara moja hapa, na safari nyingine nitakuwa natuma kiungo tu.

Kazi yangu ni kusimamia maktaba ya video na sauti: mihadhara, mahojiano, vipindi, muziki, kila mtu anafungua anachotaka saa anayotaka. Kinachonichosha ni imani kwamba ukishapakia faili kwenye jukwaa, lililoko huko ndilo faili lako, na lile la awali ulilorekodi, yaani faili mama, limebaki kuwa takataka ya kujaza diski. Jukwaa liwe Kaltura, MediaCMS, PeerTube au YouTube, imani ni hiyo hiyo.

Ukibofya "pakia", jukwaa linalikonveti faili lako kuwa nakala kadhaa za ukubwa tofauti. Kila nakala inagawanywa vipande vya sekunde chache, na simu ya mtazamaji inaomba kipande baada ya kipande kulingana na mtandao ulivyo wakati huo. Mtindo huo wa kutuma video kwa vipande ndio HLS, iliyotolewa na Apple mwaka 2009, na mwenzake DASH ni vivyo hivyo kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana aliye kwenye daladala anaona picha inafifia kidogo badala ya kuganda na kuzungukazunguka. Ni kazi nzuri kabisa, ila nakala hizo zimetengenezwa kulinda bando la mtazamaji. Hakuna aliyezitengeneza ili miaka ishirini ijayo mtu aje kuhariri humo.

Tupige hesabu. Kamera nyingi za utangazaji hurekodi megabiti 50 kwa sekunde. Saa moja inakula GB 22.5. Jukwaani tuseme una ngazi nne: 1080p ya megabiti 5, 720p ya 2.8, 480p ya 1.4 na 360p ya 0.8. Jumla megabiti 10, yaani zote nne kwa pamoja zinachukua GB 4.5 kwa saa. Ile kubwa kuliko zote, ambayo watu huniambia "ni HD ile ile", ina sehemu moja ya kumi ya biti za faili mama.

Kwa haki, si kwamba tisa ya kumi ya picha imepotea. Kamera hubana kijuujuu kwa sababu haina muda wa kutafakari na kwa sababu inajua mhariri anakuja nyuma yake. H.264 ya jukwaani, njia ya kubana video, ina akili zaidi ya kubana. Ukiziweka mbili kando kwa kando kwenye televisheni ya sebuleni, huenda usione tofauti. Na hapo ndipo watu wanapopotea, maana jicho limeridhika na wao wanadhani mjadala umeisha. Shida haiko kwenye kutazama mara ya kwanza. Iko siku utakapotaka kuigusa tena.

Ukishusha nakala ya jukwaa, ukaiingiza kwenye programu ya kuhariri, ukakata dakika kumi, ukarenda (yaani programu ikatoa video nzima upya) na kupakia upya, jukwaa linaikonveti tena. Umeshabana mara tatu au nne, na kila mbano unalichukulia kosa la mbano uliopita kuwa sehemu halali ya picha. Vile vijisanduku vinavyotambaa kwenye giza nyuma ya mzungumzaji, encoda ya pili (programu inayobana) inavihifadhi kwa uaminifu kama vile ni pambo la ukuta, na kwa kuwa inatumia biti kuvitunza, inamnyang'anya mzungumzaji uso wake.

Nina rekodi moja ya taarab ninayopenda kuwaonyesha wabishi. Mwimbaji amesimama, nyuma yake wanakikundi wamevaa kanga za sare zenye vidoti vidogo vidogo, wote wanayumba taratibu. Katika faili mama unaweza kuhesabu vidoti. Katika nakala ya jukwaa, wakisimama vidoti vipo, wakiyumba vinageuka uji. Katika nakala ya nakala, kanga imekuwa kitambaa cha rangi moja chenye ukungu. Jina la mwimbaji lililoandikwa kwa herufi nyekundu chini limeota manyoya pembeni, kwa sababu video za kawaida za mtandaoni (4:2:0) hubeba rangi kwa nusu ya upana na nusu ya kimo cha picha, na nyekundu juu ya nyeusi ndipo dhambi hiyo inapoonekana. Sasa funga macho usikilize. Kanuni, chombo cha kudonoa, kila nyuzi inaanza ghafla. MP3 ya biti chache inaupaka mlio huo hadi kabla haujaanza, unasikia kama mpiga chombo amepuliza hewa kwanza. Makofi nayo yanageuka mchele unaokaangwa. Hotuba ingestahimili yote haya. Muziki haustahimili.

Ni kama tui. Ukishatupa machicha na tui la kwanza, ukabaki na tui jepesi la mwisho, hata uchemshe mpaka usiku hutapata zito.

Lakini watu huchemsha! Hii ndiyo sura ya pili ya imani ile ile: "Basi nipandishie, uifanye HD." Au kwenye sauti: "Nimeibadilisha kutoka 128 kuwa 320, sasa iko safi." Haiko safi, imenenepa tu. Faili la MP3 la kilobiti 128 linachukua takriban MB 58 kwa saa. Ulipolikonveti kuwa 320 limefika MB 144, na MB 86 zilizoongezeka zimejaa utunzaji makini wa makosa ya zamani. Ukubwa wa faili si ushahidi wa ubora. Fungua programu yoyote inayoonyesha spektra ya sauti: mara nyingi MP3 ya 128 ina ukuta karibu na 16 kHz, juu yake giza. Ukiona ukuta huo ndani ya faili linalojiita WAV la biti 24, kuna mtu amekudanganya, au amejidanganya mwenyewe kwanza.

Zipo programu za akili bandia zinazopandisha picha, nimezijaribu, na baadhi hupendeza. Kinachoongezeka pale ni kubahatisha. Kwa tangazo, sina neno. Kwa ushahidi wa mzee anayesimulia historia ya kijiji chake, sitaki kompyuta inikisie kope zake.

Na tafadhali, mtu asiniambie "lakini ni MP4". MP4 ni kasha. Ndani yake kunaweza kuwa na video iliyobanwa kwa H.264, HEVC au AV1, nzuri au mbovu. Anayetaka kujua kilichomo atumie programu ya MediaInfo au ffprobe. Tuendelee.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao nao hukosewa: si kila mabadiliko yanaharibu. Kuhamisha video kutoka kasha la MKV kwenda MP4 bila kukonveti ni sekunde chache na haipotei biti hata moja ya picha; kwenye FFmpeg, programu ya kukonveti kwa amri za maandishi, ni "-c copy", basi. Hata kukata unaweza bila kurenda, mradi ukubali masharti. Fremu nyingi ndani ya video si picha kamili, zinaeleza tu kilichobadilika tangu fremu iliyopita. Mkato safi unaanzia kwenye fremu kamili, na kama fremu kamili huja kila sekunde mbili, basi mkato wako unaweza kukosea kwa karibu sekunde mbili. Kuondoa dakika tano za watu kuvuta viti kabla ya mhadhara, inatosha kabisa. Kukata katikati ya neno, haitoshi. Watu wanarenda saa nzima ya HD, kompyuta inanguruma kama jenereta, ili tu kuondoa viti.

Ukishapata faili jipya, usifute ukurasa wa zamani na kupakia upya. Majukwaa ya maktaba yana sehemu ya kubadilisha faili ndani ya rekodi ile ile (Kaltura inayo). Kitambulisho kinabaki, viungo vilivyotumwa kwa wanafunzi vinafanya kazi, hesabu ya watazamaji haianzi sifuri. YouTube haikupi nafasi hiyo, kwa hiyo kule fikiri mara mbili kabla ya kuchapisha. Na ukikata mwanzo, kumbuka manukuu: umeondoa sekunde 40, basi kila mstari wa faili la manukuu (VTT) urudi nyuma sekunde 40, la sivyo mzungumzaji atacheka na maandishi yatalia.

Kwenye majina ya mafaili sitakaa sana, ila kuna moja letu wenyewe ambalo hulipati kwenye mwongozo wowote wa Kizungu. "Habari_saa2" ni saa mbili ipi? Mwandishi amemaanisha saa mbili usiku, mfumo unasoma 02:00, na miaka mitatu baadaye mtu anatafuta taarifa ya habari ya jioni akaipata imepangwa alfajiri, siku isiyo yake. Andika 2000 kwa saa za mfumo, tarehe ianze na mwaka, na neno "final" life kabisa.

Sasa niseme nisichokuwa na uhakika nacho, maana miongozo huandikwa kana kwamba kila kitu kimeamuliwa. Faili mama ni lipi kama mahojiano yenyewe yalitumwa kwa WhatsApp na mwandishi akabadilisha simu? Mimi nalitunza lile la WhatsApp kama mama, na moyo unanisuta, ila hakuna mama mwingine. (Waandishi: tumeni kama hati, si kama video. Likitumwa kama hati halibanwi.) Rekodi ghafi zote za kamera tatu nazo? Vitabu vinasema tunza. Bajeti inacheka. Natunza za watu wazee na matukio yasiyorudiwa, za mikutano ya kila mwezi naziacha ziende, na sijui kama anayekuja nyuma yangu atanishukuru. Mwongozo wa IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na video, kwa hifadhi za sauti unataka angalau 48 kHz kwa biti 24, na 96 kHz ni bora. Saa moja ya stereo kwa 48 inakula GB 1.04. Kwa kanda ya muziki naunga mkono bila kusita. Kwa mkutano uliorekodiwa kwa simu mezani, karibu na feni, naona ni kutunza feni kwa heshima kubwa. Na nguvu ya sauti: kiwango cha utangazaji cha Ulaya, EBU R128, ni −23 LUFS (kipimo cha nguvu ya sauti), lakini msikilizaji wa spika ya simu sokoni hasikii kitu. Nakala za kusikiliza nazipandisha mpaka −16. Faili mama siligusi.

Turudi kwenye diski iliyojaa, kwa sababu tatizo lenyewe ni la kweli na silidharau. Tera moja inaingia saa 44 hivi za kamera ile ya megabiti 50. Haichukui muda kujaa. Ila tazama mnachofuta: mnafuta kitu pekee kisichoweza kutengenezwa upya, mnabakiza vile ambavyo seva ingevitengeneza usiku mmoja mkiwa mmelala. Kama ni kufuta, anzeni na nakala za 1080p za vipindi visivyofunguliwa na mtu mwaka mzima. Halafu mafaili ya kurenda ya majaribio. Halafu nakala mbili mbili za faili lile lile kwenye mafolda ya watu watatu, na hizi ni nyingi kuliko mnavyodhani. Faili mama lihamie kwenye diski ya bei nafuu, nakala ya pili jengo jingine, na alama ya SHA-256, namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe na kubadilika hata biti moja ikibadilika, iandikwe pembeni ili tujue kama limeoza.

Kabla ya yote hayo, muulizeni anayesimamia jukwaa lenu kama linatunza faili lililopakiwa au linalitupa baada ya kukonveti. Mengine hutunza, mengine hutupa, mengine hutegemea mpangilio ambao mtu aliuweka siku ya kwanza na hakuna aliyeufungua tangu hapo. Msiulize kwa maneno tu. Pakieni video moja ya jaribio, ishusheni, mlinganishe alama za SHA-256. Zikitofautiana, mlichoshusha si mlichopakia. Kitufe cha kushusha kilichoko YouTube Studio, kwa mfano, hukupa MP4 ya 720p au 360p hata kama ulipakia kubwa zaidi.

Na wewe mtayarishaji wa Ijumaa: kile kipindi ambacho faili mama lake limeshaenda, nimeshusha nakala ya 1080p na kuandika kwenye sehemu ya chanzo "imetoka jukwaani, si faili mama". Ukitaka kukikata, niambie unataka kuanzia dakika ngapi, nitakata kwa copy. Usikirende.