Matunzo ya wazee kwa fedha za umma: nini kinalipiwa, nini hakilipiwi

Mzee asiyeweza tena kuoga, kuvaa, kula au kufika chooni bila kushikwa mkono anahitaji matunzo ya mwili. Matunzo hayo yakigharamiwa na umma, anayemlipa mhudumu ni serikali au halmashauri, kwa fedha za kodi au za bima ya lazima, badala ya mzee mwenyewe au wanawe.

Ubishi uko kwenye mpaka kati ya tiba na matunzo. Chukua Uingereza, ambako hospitali hazitozi wagonjwa. Mwenye saratani hutibiwa bure, lakini mwenye maradhi ya kusahau, ambaye hahitaji upasuaji bali mtu wa kumwosha na kumlisha kila siku, anaweza kutakiwa alipe mwenyewe. Wote wawili ni wagonjwa, na sijaona hoja nzito ya kuwatenganisha hivyo. Tume ya Kifalme, yaani jopo la uchunguzi lililoundwa na serikali, iliyoongozwa na Stewart Sutherland, nayo ilipendekeza mwaka 1999 kwamba matunzo ya mwili yalipiwe kwa kodi. Serikali kuu mjini London ilikataa. Bunge la Uskoti, sehemu ya Uingereza yenye bunge lake, likakubali, na tangu Julai 2002 kila mwenye miaka 65 na zaidi aliyepimwa akaonekana ana uhitaji huyapata bila kuulizwa ana mali kiasi gani. Mwaka 2019 watu wazima walio chini ya umri huo nao waliingizwa.

England, sehemu nyingine ya Uingereza, bado inapima mali: mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 hujilipia. Akihamia kwa kudumu kwenye makao ya wazee, nyumba yake nayo huweza kuhesabiwa, isipokuwa kwa mfano mwenzi wake akiwa bado anaishi humo.

Hata Uskoti, neno "bure" lina mipaka ambayo familia nyingi huigundua bili ikishafika. Kuoshwa, kuvalishwa, kulishwa na kusaidiwa kunywa dawa vimo. Kufagia nyumba na kwenda dukani havimo, na halmashauri inaweza kuvitoza. Kwa anayejilipia kwenye makao ya wazee, halmashauri hutoa kiwango maalumu kwa wiki kwa ajili ya matunzo. Chumba na chakula vinabaki juu yake, na hapo ndipo penye gharama kubwa.

Ujerumani (1995) na Japani (2000) zilichagua bima. Japani huchangisha kuanzia umri wa miaka 40, na anayehudumiwa hulipa kati ya asilimia 10 na 30 ya gharama. Ujerumani hutoa kiasi kulingana na daraja la uhitaji, na mzee anaweza kupokea fedha taslimu ampe binti au jirani anayemtunza, ingawa kiasi hicho ni kidogo kuliko thamani ya huduma ambayo angeletewa na wahudumu wa kuajiriwa.