Nyundo haifii kazini, inafia yadini

Masika moja niliirudisha yadini nyundo ya ekskaveta ikiwa nzima kabisa. Nasema ile breka ya kuvunjia miamba, si nyundo ya msumari. Ilikuwa imemaliza kazi ya mitaro ya mabomba. Opareta akaishusha, tukailaza chini kando ya ukuta, tukaifunika turubai. Miezi minne baadaye ikapatikana kazi ya machimbo ya kokoto. Tukaifunga, ikapiga kama dakika 20, mafuta yakaanza kuchuruzika kandokando ya patasi, ile nondo nene inayogonga mwamba.

Fundi alipoifungua alinionyesha pistoni. Ncha ya chini, ile inayogonga kichwa cha patasi, ilikuwa na pete nyekundu ya kutu. "Mzee, hii haijachoka na kazi," akaniambia. "Imelazwa vibaya." Sikuwa na la kujibu, maana aliyeamuru ilazwe pale ni mimi.

Ndani ya nyundo mna pistoni iliyong'arishwa kama kioo, na juu yake chemba ya gesi ya naitrojeni inayoisukuma chini. Nyundo ikipumzika, pistoni nayo hukaa chini, na uso wake unabaki wazi upande wa patasi. Bushi, zile pete zinazoshika patasi, hazizibi hewa. Unyevu unaingilia hapo, na sisi wa Pwani tuna chumvi ya bahari juu yake. Siku ukiiwasha, pistoni inapanda na kutu yake hadi kwenye sili, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje, na kuzikwangua kama msasa. Wewe unadhani umeuziwa sili feki, kumbe ni turubai lako lililofungia maji ndani.

Sasa nafanya hivi. Nyundo ikikaa siku chache tu, naisimamisha kwenye stendi au nailaza juu ya mbao nene, mahali pakavu, patasi ikiwa imepakwa grisi. Ikizidi mwezi, namwita fundi mwenye kifaa cha gesi aitoe naitrojeni taratibu. Tunachomoa patasi, tunapaka grisi uso wa pistoni, kisha tunaisukuma juu mpaka mwisho ili ijifiche ndani ya silinda. Bila kutoa gesi hutaweza kuisukuma, kwa hiyo usipoteze nguvu na mtaimbo. Na siku ya kuirudishia gesi, iwe naitrojeni tu. Nimewahi kusikia kijana akipendekeza mtungi wa oksijeni wa kuchomelea kwa sababu "zote ni gesi". Oksijeni ikikutana na mafuta chini ya mgandamizo, huo ni mlipuko.

Mipira ya haidroliki, ile ya kupeleka mafuta kwenye nyundo, nayo ina visa vyake. Watu huchomoa mpira, wanafunga kifuniko, wanauacha juani. Mafuta yaliyofungiwa yakipata joto yanatanuka, presha inapanda, na asubuhi ya kazi kapla, kile kiungio cha mpira, inakataa kuingia. Hapo ndipo nyundo ya mkono inapotolewa, kapla inapigwa, na uso wake unapata mchubuko utakaovujisha mwaka mzima. Dawa yake ni kutoa presha kabla ya kuchomoa: zima injini, washa swichi tu, kanyaga pedali ya nyundo mara kadhaa, ndipo ufungue. Usilegeze nati yenye presha huku umeishika. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo yanapenya ngozi, na kidonda chake ni cha kukimbizwa hospitali hata kama hakiumi.

Baketi hazina makuu. Iweke imekaa imara juu ya mbao, isiegemee ukuta, maana baketi ya mtambo wa tani 20 ina kilo kama 800 na ikianguka haiombi radhi. Iinamishe kidogo ili isishike maji ya mvua, la sivyo utafuga mbu. Meno na pini zake za kuiunganishia na mkono wa mtambo ndizo zinazotoroka. Mnunuzi wa vyuma chakavu haulizi pini imetoka wapi, kwa hiyo pini zangu zote zinaingia kwenye sanduku lenye kufuli, kila jozi imefungwa waya na namba ya baketi yake. Na namba hiyo si urembo. Baketi ya mtambo wa tani 13 mara nyingi inachukua pini ya milimita 65, ya tani 20 inachukua ya 80, na hata mitambo ya uzito mmoja inatofautiana upana wa masikio kulingana na aliyeitengeneza. Ukigundua hilo ukiwa Makambako, yadi iko Kibaha, siku mbili zimekwenda. Ndiyo maana kila kifaa changu kimeandikwa kwa rangi nyeupe mambo matatu: uzito, kipenyo cha pini, na mtambo wake.

Mbao za kulalia vifaa usinunue mataruma ya reli kwa mtu usiyemjua. Yanafaa sana, ila utakuja kuulizwa yametoka reli gani.

Tukija barabarani, wengi tunafikiri uzito wa jumla tu. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56, lakini kila kundi la ekseli lina kikomo chake: usukani tani 8, ekseli mbili za nyuma za kichwa (gari linalovuta) tani 18, ekseli tatu za lobedi (trela la chini la kubebea mitambo) tani 24, kwa matairi ya pacha. Jumlisha: gari langu linaruhusiwa tani 50. Kichwa na lobedi vikiwa vitupu ni kama tani 20, ekskaveta 22, nyundo na baketi mbili za ziada na keekee ya mashimo ni kama tani 4 na nusu. Tani 46 na nusu. Nikaondoka najiamini.

Mizani ya barabarani ya Vigwaza ikanirudisha. Nilikuwa nimepakia nyundo na baketi zote juu ya shingo ya lobedi, sehemu yake ya mbele iliyoinuka, kwa sababu pale palikuwa wazi, na shingo inaegemea ekseli za nyuma za kichwa. Kikomo cha tani 18 kikapitwa, huku ekseli za lobedi zikiwa na nafasi tele. Tulitafuta kreni ya kusogeza mzigo mita chache tu, na bei ya kreni hiyo sitaiandika hapa. Tangu siku hiyo shingoni napandisha vyepesi tu. Nyundo inakaa sakafuni, nyuma, karibu na ekseli za lobedi, na ekskaveta ndiyo inayosogezwa mbele au nyuma kusawazisha.

Kufunga nako kuna hesabu. Kwa kanuni ya Ulaya, breki kali inausukuma mzigo mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake. Nyundo ya tani 2 basi inataka kwenda mbele kwa nguvu ya tani 1.6, na chuma juu ya chuma hakina kishikio cha maana, hasa kikiwa na grisi. Weka mbao au mpira chini yake, ikaze kwa mnyororo wake yenyewe, usiishirikishe mnyororo wa ekskaveta. Mnyororo wa daraja la 8 wa milimita 10 unafungia tani 6.3, kwa hiyo nguvu si tatizo. Tatizo ni madereva wanaopitisha mnyororo mmoja juu ya baketi tatu kama wanafunga mzigo wa kuni. Baketi ndogo iingie ndani ya kubwa, zifungwe pamoja, kisha zifungwe sakafuni. Baada ya kilomita chache za kwanza dereva asimame akaze tena, maana mbao hujibana na mnyororo unalegea.

Utingo wangu amezoea kulalamika kwenye kituo hicho cha kwanza. Mara ya mwisho tulisimama tu nje ya Mlandizi, akashuka ananung'unika, akarudi kimya na racheti ya kukazia mnyororo mkononi. Alikuwa ameigeuza mara tatu nzima.