Mirihi haitalingana na mwezi tarehe 27 Agosti

Kila Agosti inapokaribia, ujumbe uleule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp, Kampala hadi Arua: usiku wa tarehe 27 sayari ya Mirihi itaonekana kubwa kama mwezi mpevu. Si kweli, mwaka wowote ule.

Chanzo chake ni tukio halisi. Tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi ilisogea hadi kilomita milioni 56 hivi kutoka duniani, karibu kuliko ilivyowahi kwa maelfu ya miaka. Maelezo ya wakati ule yalisema ukiitazama kwa darubini inayokuza mara 75, itaonekana kama mwezi unavyoonekana kwa macho matupu. Ujumbe ulipopita mikono mingi, darubini ikasahaulika, na mwaka pia.

Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Upana wa Mirihi ni kama mara mbili ya mwezi, lakini mwezi uko kilomita 384,000 hivi tu kutoka kwetu. Hata ikikaribia kabisa, Mirihi huwa mbali zaidi ya mara 140. Ndiyo maana kwa macho hubaki nukta nyekundu, nzuri sana kwenye giza la Karamoja. Programu ya bure ya nyota kwenye simu itakuonyesha iko wapi usiku huo.

Kinachonisikitisha ni watoto wanaokesha bure, kisha wasiamini tena habari za anga, hata za kweli kama kupatwa kwa jua kulikoonekana Pakwach tarehe 3 Novemba 2013. Tafadhali, ndugu zangu, ukiupokea ujumbe huo usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia.